Mwaka wa Nyumba Zisizobebeka

Wageni wa tanzia wamepungua sasa. Wale wanawake waliokuwa wakija kupika na kuosha sufuria wamerudi makwao, na chupa za chai zilizokuwa zikijaa tangu alfajiri zimebaki mbili. Ni wiki ya saba tangu tumzike Dahabo, mke wangu, na namshukuru Mwenyezi Mungu aliyempa mwisho mwepesi, akamchukua baada ya kutawadha na kabla ya kusali adhuhuri. Juzi alikuja kunipa pole mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi anafundisha Garissa mjini. Alipokwisha kunywa chai aliniuliza, kwa adabu, ni mwaka gani ninaoukumbuka zaidi katika miaka yote niliyoishi na marehemu. Nadhani alitarajia nimtajie mwaka wa harusi, au mwaka wa ukame tulipohama hadi karibu na Ijara tukiwa na mbuzi saba tu. Nikamwambia: mwaka ule watu waliporudi kutoka Nairobi. Alinitazama kama anayemhurumia mzee aliyeanza kuchanganyikiwa, maana mwaka ule si wa zamani, na mimi nilikuwa nimeshavuka miaka sitini. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Watu wengine hufundwa wakiwa vijana. Mimi nilifundwa nikiwa na ndevu nyeupe, na nashukuru kwamba sikufa kabla ya somo lile, ingawa lilikuwa chungu na waliolilipia ni wengine.

Walirudi mwezi wa Shaabani, mwaka wa maradhi yale yaliyofunga misikiti. Kijiji chetu kiko kando ya barabara, upande wa Modogashe, na kwa siku tano mfululizo tuliona magari yakiacha lami na kuingia kwetu yamebeba magodoro, makochi, na mafriji ambayo hayakuwa na umeme wa kuyawasha. Watu walikuwa wamesikia kwamba jiji litafungwa, kila mtu akakimbilia alikozaliwa. Katika gari la siku ya tatu alikuwamo Sahra, binti yetu wa kwanza, pamoja na mumewe Abdirashid na watoto wao watatu. Sisi tulikuwa tukiishi katika vyumba viwili vya matofali kando ya madrasa yangu, na hapakuwa na nafasi ya kulaza watu watano zaidi. Dahabo hakuhangaika hata kidogo. Alikwenda nyuma, akafunua turubai kuukuu, na chini yake ilikuwapo nyumba ya Sahra.

Kwa asiyetujua nieleze hapa. Nyumba ya asili yetu, aqal, ni fito zilizopindwa na mikeka iliyosukwa. Binti anapoolewa, mama yake na wanawake wa ukoo humsukia mikeka hiyo kwa miezi mingi, humkatia fito, na siku ya harusi humjengea. Mwanamume hana hata kamba moja ndani yake. Nyumba ni ya mwanamke. Wanapohama, yeye ndiye huibomoa asubuhi, huipakia juu ya ngamia, na jioni huisimamisha mahali pengine. Wakiachana, huondoka nayo. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja mwanamume aliyetoka kuchunga na kukuta duara tupu ardhini, mkewe ameondoka na kuta, paa na mlango, na yeye kabaki na birika la udhu na kitambaa cha begani. Watoto walikuwa wakimcheka, na wazee walimwambia akamtafute mkewe aombe radhi. Wengi waliomba.

Sahra alipokwenda kuishi Nairobi baada ya harusi, mama yake aliikunja nyumba ile na kuitunza miaka kumi na mmoja. Siku ile aliita majirani wawili, na kabla ya sala ya alasiri ilikuwa imesimama. Mtoto mdogo wa Sahra aliingia, akaipapasa mikeka huku na huku, akatoka na kumuuliza bibi yake, "Ayeeyo, swichi iko wapi?" Dahabo alicheka mpaka akakaa chini. Akamwinua mtoto juu mpaka kwenye tundu la moshi, akamwonyesha mbingu. "Swichi yetu iko kule," alimwambia. "Anayeiwasha na kuizima ni Mmoja."

Ramadhani ya mwaka ule tulifuturu uani, maana msikiti ulikuwa umefungwa. Wanaume tulikaa kwenye mkeka mkubwa, wanawake wakiwa upande wa jiko, na kati yetu lilitundikwa pazia la khanga. Tulikula tende, sambusa na uji, kisha tambi na nyama ya mbuzi. Mimi niliwasikiliza zaidi kuliko nilivyosema. Wanaume waliorudi walikuwa na habari moja kila jioni: nyumba. Walisema jiji limewafunza, kwamba mtu unaweza kuishi miaka ishirini katika nyumba za watu, halafu siku moja ya shida ukagundua huna pa kuweka kichwa. Walisema watajenga huku, wajenge kwa matofali na mabati, nyumba zipangwe kwa mstari kama mji. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wameogopa, na mtu aliyeogopa hutaka ukuta.

"Hooyo," Abdirashid alimwita mama mkwe wake kupitia pazia jioni moja, kwa sauti ya utani, "nyumba hii ya mikeka upepo ukija tutaamkia Wajir."

"Upepo hauna shida na nyumba yangu, mwanangu," Dahabo alijibu kutoka upande wa pili. "Wewe uogope binti yangu. Ukimkasirisha, nyumba inaondoka na unabaki na mswaki wako mdomoni."

Wanawake walipiga vigelegele. Abdirashid naye alicheka, akawageukia wanaume wenzake. "Mmesikia? Ndiyo maana nataka kujenga ya mawe!"

Tulicheka sote. Mimi nilicheka mpaka uji ukanipalia. Nimeukumbuka mzaha ule mara nyingi, na sidhani hata yeye alijua alichokuwa akisema.

Baada ya Idi Abdirashid aliiomba kamati kiwanja. Ardhi yetu ni ya jamii, haina hati za serikali kama za miji mikubwa. Mtu akitaka mahali pa kujenga huenda kwa kamati ya wazee, wazee hupima kwa hatua, kisha huandikwa barua, wazee hutia vidole na chifu hugonga muhuri. Mwandishi wa barua hizo nilikuwa mimi. Kiswahili nilikipata Lamu nilikokwenda kusoma dini ujanani, na mwandiko wangu unasomeka, basi kamati ilinipa kazi hiyo na niliifanya miaka mingi bila kuchoka. Siku ile nilikaa kwenye mkeka, ubao wa kuandikia juu ya magoti, nikaandika kama nilivyozoea: kamati imempa Abdirashid mwana wa fulani kiwanja cha hatua arobaini kwa sitini, chake na cha warithi wake. Sahra alituletea chai ya maziwa ya ngamia kwa mkono wake mwenyewe. Aliinama kuniwekea kikombe, akaona kalamu yangu inakwenda.

"Aabo, unaandika nini?" aliniuliza.

"Mahali pa nyumba yako," nikamjibu.

Mdomo wangu ulisema nyumba yako na mkono wangu ukaandika jina la mtu mwingine, na sikuona kwamba hayo mawili hayapatani. Sitaki kujitetea, lakini nieleze jinsi kosa lile lilivyonipata, maana ni kosa la watu wa aina yetu. Zamani barua ilikuwa ya mahali tu. Tuliandika jina la mwanamume kwa sababu yeye ndiye aliyejibu kamati ikitokea ugomvi wa mpaka au wa maji. Juu ya mahali pale mke alisimamisha nyumba yake, na akiondoka aliondoka nayo, na mume akabaki na mchanga. Hatukumdhulumu mtu. Nilikuwa nimeandika barua nyingi za namna hiyo, hata mkono ungeweza kuziandika nikiwa nimefumba macho. Lakini nyumba zilikuwa zimebadilika, na barua haikubadilika. Wala sikuwa kijana asiyejua. Nimesoma vitabu vya mirathi na haki za mke. Ningeulizwa darasani ningejibu sawasawa.

Fundi alitoka upande wa Mwingi, mtu mpole aliyeitwa Mutua. Alipochimba msingi aliegemea sepetu yake, akauliza mbele yetu sote, "Sasa mwenye nyumba ni nani? Maana nataka kujua mlango utazame wapi, na kila mtu hapa ananielekeza kwake."

Wanawake waliokuwa wakipita na mitungi walimjibu kwa pamoja kwamba nyumba ni ya Sahra, nyumba ni ya mwanamke, hata mbuzi wanajua.

"Ni yake," Abdirashid alisema, akamwonyesha mkewe. "Muulize yeye, fundi. Mimi ni mpangaji."

Basi fundi akamfuata Sahra, na Sahra ndiye aliyechagua mlango, madirisha, na kichanja cha vyombo. Bangili zake za harusi zilikwenda Garissa zikarudi ni mabati. Alichota mchanga kutoka laga, ule mto mkavu, pamoja na wanawake aliowaita, alimwagilia kuta maji asubuhi na jioni ili saruji isipasuke, na wakati boza la maji lilipochelewa alikwenda kisimani na punda mara nne kwa siku. Nyumba ya mikeka ikawa haina kazi tena. Kwanza mikeka ilitumika kufunika mifuko ya saruji, kisha fito moja moja zikaingia chini ya birika la chai ya mafundi. Fito kavu za miaka kumi na mmoja huwaka vizuri. Dahabo alikuwa akipita akaona, akasimama kidogo na kuendelea na safari yake. Nilimuuliza kama imemuuma. Akasema, "Ni yake. Akitaka kuichoma, anachoma chake."

Siku nyumba ilipokwisha alikaribishwa kuitazama. Aliingia chumba hadi chumba na viatu mkononi, kisha akamwambia fundi kwa Kiswahili chake, "Wewe fundi, hii nyumba yako hakuna bumzi."

"Pumzi iko, mama," Mutua alimjibu akicheka. "Nimekuwekea madirisha sita."

"Dirisha iko. Bumzi hakuna."

Ilikuwa kweli kwamba saa nane mchana mabati yalilia na ndani pakawa kama tanuri. Lakini si nyumba ya Sahra peke yake iliyokuwa hivyo. Kufikia Mfunguo Tatu, mwezi wa hija, zilikuwa zimesimama kumi na tisa, zimepangwa kando ya barabara, na kila moja ina kufuli. Wanawake wetu hawakuwahi kumiliki kufuli, na sasa nilisikia funguo zikilia viunoni mwa wanaume walipokuja kusali. Kila nyumba ilikuwa na chumba kikubwa cha makochi mbele, ambacho kilikuwa cha wanaume na wageni wao, na wanawake walihamia nyuma kwenye moshi. Zamani mgeni alipiga hodi kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa mke. Yeye ndiye aliyesema karibu. Nilianza kugundua kwamba nilipokwenda kuwatembelea watu, aliyesema karibu alikuwa mume, na mke nilimsikia tu akikohoa. Niliona haya yote, nikayatia katika hesabu ya mambo ya dunia yanayobadilika, nikashukuru kwamba watu wana paa.

Barabara zilipofunguliwa Abdirashid alianza tena safari zake za biashara. Alikaa Nairobi wiki mbili, Garissa wiki moja, nyumbani siku mbili. Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, alikuja kwangu, akakaa mbele yangu kwa heshima, akaniambia anataka kuoa mke wa pili, msichana wa Garissa. Nikamwambia masharti ya uadilifu kama ninavyomwambia kila mtu. Akasema atayatimiza. Lakini msichana hakutaka kukaa mjini kwa wazazi wake, alitaka nyumba, na nyumba ilikuwa moja. Abdirashid alimwambia Sahra ahamie chumba cha nyuma, karibu na jiko. Sahra alikataa. Walitupiana maneno siku tatu, kijiji kizima kikisikia kupitia yale madirisha sita, na siku ya nne alimpa talaka.

Alikaa eda yake palepale, kama dini inavyotaka, na hakuna aliyemgusa. Eda ilipokwisha, mwezi wa Rajabu, aliambiwa aondoke. Akasema haondoki, nyumba ni yake. Kamati ikaitwa.

Walikutana ndani ya nyumba yenyewe, kwenye yale makochi, na Abdirashid akatupa soda. Kwa sababu mdai ni binti yangu nilijitoa katika kuhukumu, nikakaa karibu na mlango. Wanawake walikuwa kwenye ujia, nyuma ya pazia. Sahra alizungumza vizuri. Alisema fundi aliulizia mwenye nyumba mbele ya watu na mume wake akamtaja yeye, alisema habari za mchanga na maji na bangili, na wazee walitikisa vichwa kwa kukubali. Kisha mwenyekiti, ambaye tulisoma naye, alitoa barua kwenye bahasha, akainyoosha juu ya paja, akanitazama kwa huzuni.

"Maalim, huu ni mkono wako?"

"Ni wangu."

"Ulimwandika nani?"

Nikamtaja. Akasema kwamba yeye binafsi anajua nyumba ni ya nani, na kila mtu chumbani anajua, lakini matofali yamekaa juu ya ardhi na ardhi ina jina. Zamani wasingeitwa hata kuamua. Binti angeibomoa asubuhi na mambo yangeisha.

Hapo sauti ya Dahabo ilitoka nyuma ya pazia. "Basi ibomolewe."

"Nini, Hooyo?" mwenyekiti aliuliza.

"Nyumba ya binti yangu. Ibomolewe, tuibebe. Ngamia ninao wawili na punda wa jirani. Nipeni mabati, nipeni milango, nipeni madirisha sita. Kuta mwachieni huyo mume hapo, abaki nazo."

Wanaume walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama mtu anavyocheka anapoelezwa jambo ambalo lilikuwa la kawaida jana na leo haliwezekani. Mwenyekiti alifuta macho. "Hooyo Dahabo," alisema, "mawe hayabebwi." Kicheko kikaisha. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye pazia na nilisikia Sahra akianza kulia, na mama yake akimwambia taratibu anyanyuke, asilie katika nyumba ya mtu.

Siku iliyofuata Dahabo alichukua panga akaenda porini kukata fito. Alikuwa na miaka hamsini na nane na magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaita wanawake waje wasuke, kama desturi inavyotaka, maana binti aliyeachwa bila nyumba ni jukumu la wanawake wote. Walikuja wawili. Wengine walisema wamesahau, au mikeka yao waliichoma mwaka uleule, au waume zao hawataki mambo ya zamani. Mmoja alimjibu kwamba hana ruhusa ya kutoa kamba nyumbani mpaka mumewe arudi, na hilo Dahabo alinisimulia akiwa amekaa sakafuni, ametandaza mikono yake iliyochubuka, kama mtu aliyeona jambo la ajabu njiani. Ilimchukua wiki tano badala ya miezi kumi, kwa hiyo mikeka haikuwa myema, na upande mmoja alijazia kwa magunia. Aliisimamisha uani kwetu.

Sahra aliingia akakaa ndani mchana mmoja. Alipotoka alimshika mama yake mikono.

"Hooyo, Mungu akulipe," alisema. "Watoto hawawezi, na mimi pia siwezi tena. Nilishaizoea ile. Najua kila tofali lilipo."

"Utakwenda wapi?"

"Nairobi. Nitapanga chumba. Kule angalau nikilala najua ni kwa mwenye nyumba, sidanganywi na mtu kwamba ni kwangu."

Hakunitazama alipoyasema hayo, na hakuwa na haja. Aliondoka Shaabani, mwezi uleule aliofika, na watoto watatu na mabegi mawili.

Nilidhani Dahabo ataikunja ile nyumba ya mikeka. Badala yake aliingiza ndani vyombo vyake, vibuyu vya maziwa, chetezo cha uvumba na mkeka wake wa kusalia, akahamia. Hakununa, wala hakuacha kunipikia. Kila alasiri alinitengenezea canjeera, mkate wetu mwembamba wa kumimina, na chai kama kawaida, isipokuwa nilikuwa nakwenda kwake kuvila. Siku ya kwanza niliinama nikataka kuingia, akaniambia kutoka ndani, "Maalim, hujapiga hodi." Nikarudi nyuma, nikapiga hodi. Akasema karibu, na nilipokaa nikakumbuka kwamba ilikuwa zaidi ya miaka ishirini tangu anikaribishe kwake.

Tulikunywa chai. Kisha akaniuliza, kwa sauti ileile anayoulizia habari za mvua, "Vile vyumba viwili tulivyokuwa tunakaa. Barua yake imeandikwa jina la nani?"

"Langu," nilimjibu. Nikamwambia nitakwenda kwa kamati kesho, niandike jina lake. Alinimiminia kikombe cha pili na kuweka sukari kama ninavyopenda.

"Umewaandikia watu wangapi, Maalim?"

"Wengi. Sijui."

"Mwaka huu?"

"Kumi na tisa."

"Anza na hao," alisema. "Mimi nina pa kulala."

Nilimtii. Kwa mara ya kwanza tangu nifundishe watu haki, nilitoka na kalamu kuitafuta. Nilikwenda kila nyumba ya matofali, nikakaa kwenye kochi, nikamweleza mwenye funguo kosa langu lote, nikamwomba barua iandikwe upya, majina mawili, la mume na la mke. Wengine waliniambia wataitazama baada ya Idi, na Idi zikapita. Wengine walinicheka. Mmoja, kijana niliyemfundisha alifu na bee, aliniambia, "Maalim, unataka kuniletea talaka ndani ya nyumba?" Mwingine alimwita mkewe aje ajibu mwenyewe mbele yangu, na mke akasema hana haja, ameridhika, huku akiupiga mkeka kwa kidole. Nilirudi tena na tena. Subira ndiyo sifa niliyosifiwa maisha yangu yote, nami niliitegemea. Kila nikirudi Dahabo alinikaribisha, akauliza ni wangapi, nikamjibu, akaniwekea chai. Ilinichukua miaka. Mpaka leo walioandika majina mawili ni wanne, na mmoja wao ni fundi Mutua, ambaye alijenga kwetu akakaa, wala hakuwa katika wale kumi na tisa.

Nyumba ya mwisho nilikwenda mwanzo wa mwaka huu. Nilipotoka pale, nikiwa nimekataliwa kwa mara ya sita, zamu iliyobaki ilikuwa ya nyumba yetu. Nilisema nitaiandika baada ya mvua, nikiwa na nguvu za kutembea mpaka kwa chifu. Mvua ilichelewa. Dahabo alifariki kabla haijanyesha.

Wiki iliyopita niliandika. Nilikaa na ubao juu ya magoti, na jina la marehemu haliwezi kupewa kiwanja, hilo ninalijua vizuri katika dini na katika desturi. Nikaandika la Sahra, peke yake, na chini yake nikaandika kwamba nyumba iliyo juu ya ardhi hii ni yake, pamoja na kuta na mabati na milango. Wazee walitia vidole bila kusema neno. Nilipotoka kwa chifu nilimpigia Sahra simu nikamweleza. Nilisikia magari ya Nairobi nyuma yake, na mtu akimwita mteja.

"Sawa, Aabo," alisema. Kisha akaniuliza kama mvua imenyesha.